Timu Niliyoiombea Ishuke

Nusu mwaka niliombea timu moja ya Japani ifungwe. Sikuwa na ugomvi nayo. Sijapata kuiona ikicheza, na jina lake mpaka leo nikilitamka binti yangu anacheka. Lakini kila Jumamosi niliamka na dua hiyo, na nikisikia wamefungwa, siku yangu ilikuwa nzuri. Wapo watakaosema mzee kama mimi angeficha jambo la namna hii. Sifichi. Mtu akikaa peke yake kwenye nyumba ya vyumba vitatu, anaomba kile kinachomfaa.

Mimi ni mtu wa matairi. Shule niliiacha darasa la nne, Unguja, na sikuililia. Birmingham nilifanya kazi kiwanda cha kuyeyusha chuma mpaka kikafungwa, na wenzangu walipokwenda kukaa nyumbani kungoja mtu awaonee huruma, mimi nilikodi nafasi chini ya tao la reli, upande wa Bordesley Green, nikaanza kuziba pancha. Nilikuwa na jeki moja na pampu. Treni ikipita juu, vumbi lilinimwagikia kichwani. Baadaye nilikuwa na mashine, na vijana watatu, na jina langu ukutani kwa rangi nyekundu. Herufi zinanisumbua, sikatai, ila tarakimu hazijawahi kunishinda. Tairi lina tarakimu ubavuni, upana wake, urefu wake, na rimu yake, nami nazisoma gari likiwa bado linakata kona.

Mke wangu alifariki binti yetu akiwa chuo kikuu. Hatukujaliwa mtoto mwingine. Binti alipomaliza masomo akaniambia amepata kazi ya kufundisha watoto wa Kijapani Kiingereza.

"Mwaka mmoja tu, Baba."

Nikampeleka uwanja wa ndege. Mwaka ukaisha, akaongeza mwingine. Wa tatu hakunieleza kitu nami sikuuliza. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Mimi nazungumza Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, ndivyo tulivyokuwa tangu ana miaka mitano. Hapa naandika maneno yake kwa Kiswahili maana ndivyo yalivyoniingia. Yeye mwenyewe hawezi kuyasoma. Kiswahili anakisikia tu.

Jumapili moja, mwezi wa tatu, akasema kuna mtu.

"Mtu gani?"

"Mtu mzuri, Baba. Kesha kuwa Mwislamu, kabla hata sijamwambia kwamba wewe utauliza."

"Ningeuliza."

"Najua."

"Anafanya kazi gani?"

"Yuko kwenye timu ya mpira."

"Mchezaji?"

"Hapana. Anahesabu."

"Anahesabu tiketi?"

"Anahesabu mpira, Baba. Nani kapiga pasi, nani kapoteza, mashuti yamepigwa kutoka wapi, magoli wanafungwa dakika zipi. Anaandika yote halafu anampelekea kocha."

"Kocha hana macho?"

Akacheka. Nikamwambia, mimi simkatai mtu nisiyemjua wala simkubali. Anayemtaka binti yangu atakuja hapa, na mkubwa wake, akae sebuleni kwangu mbele ya wazee, aseme kwa mdomo wake anachotaka. Kwetu posa haiji kwa simu.

"Atakuja," akasema. "Msimu ukiisha tu. Katikati ya msimu hawezi kuondoka hata siku moja."

Nikasema vizuri. Msimu wa mpira mimi naujua. Nimeishi Birmingham miaka yote hiyo, siku za mechi nimeona mabasi yakijaa mashati ya timu, na watu wazima wakinunua bia asubuhi. Msimu unaisha mwezi wa tano. Kila mtu anajua hivyo, hata paka.

Basi nikajitayarisha. Nilipaka rangi sebule, nikapaka chumba cha binti, nikanunua zulia jipya. Nilizungumza na wazee wawili wa msikitini, pamoja na rafiki yangu mmoja, Mpemba muuza vitambaa aliyekuwa akikaa kwenye ghorofa moja kule Ladywood. Huyo ndiye niliyemtaka awe msemaji wa upande wangu, kwa sababu mimi nikisema nasema mara moja na watu wanakasirika. Akina mama wa jumuiya yetu wakakubali kupika biriani. Kila kitu kilikuwa tayari, kimebaki wageni. Mei ikafika katikati, binti hajasema neno juu ya safari. Sikutaka kuonekana nina haraka. Lakini nyama haiagizwi bila siku, basi nikauliza.

"Ndege yenu inatua saa ngapi?"

"Ndege gani, Baba?"

"Si msimu umekwisha?"

"Msimu ndiyo kwanza umeanza. Huku mpira unaanza mwezi wa tatu, unaisha mwezi wa kumi na mbili."

"Nani kapanga hivyo?"

"Wao wenyewe. Nchi yao."

Nilikata simu nikakaa kwenye sebule ile iliyonuka rangi mpya. Kesho yake ilinibidi nimwambie Mpemba. Nilimwambia Wajapani wameahirisha.

"Mpaka lini?"

"Desemba."

"Bwana wee. Kwani wanakuja kwa miguu?"

Maneno hayo yalizunguka msikiti mzima. Miezi kadhaa sikuweza kuvaa viatu baada ya sala bila mtu kuniuliza Wajapani wangu wamefika nchi gani sasa. Niliwajibu nilivyowajibu.

Mwezi wa saba ndipo binti alipotamka lile neno. Tulikuwa tunazungumza mengine kabisa, mguu wangu ulikuwa unauma, naye akawa ananilazimisha niende kwa daktari. Halafu akasema timu ya mchumba wake inafanya vibaya. Ikiendelea hivi itashuka daraja, na timu ikishuka hukosa fedha, hupunguza watu, na wa kwanza kupunguzwa ni kama yeye, wale wasiopiga mpira.

"Sasa atafanya nini?"

"Tumefikiria kuja huko. Huko timu ni nyingi. Tungekaa karibu na wewe, Baba. Erdington labda, au hapohapo."

Nilisema haya, Mungu atajaalia. Sauti yangu niliishika. Nilipoweka simu nilikwenda juu, nikafungua mlango wa chumba chake, nikasimama. Zulia lilikuwa bado na mikunjo ya dukani.

Kutoka siku hiyo nikawa mfuatiliaji wa mpira wa Japani.

Karibu na gereji yangu kulikuwa na duka la simu, kama yalivyokuwa mengi miaka ile, vibanda vya mbao vya kupigia simu za nje na kompyuta kadhaa nyuma. Mwenyewe alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mlokole, mtu mpole mwenye sauti nene. Aliniita papa, yaani baba, ingawa hatukupishana sana kwa umri. Nilimwambia nataka kuona timu za Japani zilivyopangana. Akatafuta, akapata ukurasa, wote kwa maandishi yao. Mimi nikamwambia usihangaike na tafsiri, mpigie binti yangu simu akueleze timu ni ipi. Ikawa ni ile yenye alama mbili, ya kwanza kama kibanda chenye paa, ya pili kama mtu aliyebeba ngazi. Basi. Zilizobaki ni tarakimu. Michezo, ushindi, sare, kufungwa, magoli waliyofunga, magoli waliyofungwa. Hilo halihitaji mwalimu.

Nilikuwa naweka kidole chini kabisa ya orodha, napanda juu mpaka nione kibanda na ngazi. Sikuwa napanda sana.

Mechi zao za kiangazi zilichezwa jioni, na jioni yao ni asubuhi yetu. Kwa hiyo Jumamosi vijana walifungua gereji, mimi nikawa dukani kwa Mkongomani, nimekaa kwenye kiti cha plastiki, chai mkononi. Mwanzoni alidhani mimi ni shabiki wa timu ile, ekipe kama alivyoiita.

"Pole, papa. Ekipe yako wameipiga tena."

"Ngapi?"

"Tatu kwa sifuri."

"Alhamdulillahi."

Akageuka akanitazama. "Hii ekipe ni yako ao ya adui?"

"Yangu."

"Papa, weye njo mtu wa kwanza namuona anafurahi wakipiga watu wake."

Sikumweleza siku ile. Nilimweleza baadaye, mvua ikinyesha na hakuna mteja hata mmoja. Hakunicheka. Alisema watoto wake wako naye nyumba moja, anasikia miguu yao juu ya kichwa chake, na bado hawazungumzi naye. Wanamjibu Kiingereza kama wangu. Alisema ataombea timu ishinde, kwa sababu dini yake haimruhusu kuombea mtu mabaya. Nikamwambia aombe, na mimi niombe, tuone nani anasikilizwa.

Nisije nikadanganya kwamba nyumba ilikuwa kimya. Haikuwa kimya. Jirani wa kulia ana ngoma, wa kushoto ana mbwa, na magari ya wagonjwa hayaachi kupita kwenda hospitali. Upweke wangu haukuwa wa kukosa sauti. Ulikuwa wa kupika. Mwanamume aliyezoea sufuria ya watu watatu hajui kupika wali wa mmoja. Nilipika, nikala, nikala tena jioni, kesho nikala, na uliobaki nikawamwagia ndege bustanini. Ndege wa Bordesley Green wote walinijua. Halafu Jumapili ikija nasema kwenye simu nimekula vizuri, na ni kweli nimekula.

Mwezi wa kumi yule kijana alizungumza na mimi. Binti alimpa simu bila kunionya. Nikasikia pumzi, halafu:

"Shikamoo, Baba."

Alilitamka polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Nikasema marahaba. Kisha nikamwambia binti afasiri, nami nikauliza kinachoniuma.

"Muulize, timu yake itashuka?"

Wakazungumza Kijapani. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia binti yangu akizungumza lugha ile kwa muda mrefu, na sauti yake ilikuwa nyingine, nyepesi, kama ya mtu ambaye simjui.

"Anasema itashuka. Anasema mashuti wanapiga ya kutosha, lakini wanapiga kutoka mbali kwa sababu wanaogopa kuingia ndani. Na mwisho wa mchezo wanachoka, ndipo wanapofungwa. Hesabu ya mwaka mzima inasema hivyo hivyo."

"Kamwambia kocha?"

Wakazungumza tena.

"Kamwambia. Kocha hamsalimii tangu hapo."

Nilimpenda. Sitaki kuzunguka, nilimpenda hapohapo. Mtu anayemwambia mkubwa wake jambo baya uso kwa uso ni mtu ambaye ningemwajiri. Lakini kumpenda hakukubadilisha dua. Kinyume chake, nilizidisha. Niliona nitampata yeye na binti yangu, wote wawili, Erdington, mwendo wa basi moja tu kutoka kwangu.

Mechi ya mwisho ilikuwa Desemba. Mchana wao, na kwetu alfajiri. Mkongomani alinifungulia duka giza bado halijaondoka, nikatoka msikitini moja kwa moja. Aliwasha hita ndogo ya umeme, akaweka kiti changu mbele ya kompyuta. Timu ilikuwa haijazama kabisa. Wakishinda wanabaki. Sare au kufungwa, wamekwenda.

Hakuna picha iliyokuwepo, tarakimu tu, na inabidi kubonyeza ili zibadilike. Mkongomani alibonyeza. Sifuri kwa sifuri. Akabonyeza tena. Moja kwa sifuri, sisi tunaongoza. Alipiga kofi moja akajizuia.

"Samahani, papa."

"Wewe furahi. Ni haki yako."

Nikanywa chai. Kipindi cha pili kikaanza. Alibonyeza, alibonyeza, halafu karibu na mwisho ikatokea sare, moja kwa moja. Kama yule kijana alivyosema, mwisho wa mchezo wanachoka. Mkongomani akavua miwani. Akabonyeza mara nyingine nyingi, na haikubadilika tena.

Timu ilikuwa imeshuka. Nilisema alhamdulillahi, na Mkongomani akaitikia amina kwa adabu tu.

Simu yangu ya mkononi ikalia. Binti hajawahi kunipigia Jumamosi. Nilipopokea sikusikia neno kwanza. Nilisikia watu, maelfu, wakiimba. Timu imeshuka na watu wanaimba, polepole, wote pamoja, na chini ya wimbo ule binti yangu alikuwa analia. Si machozi ya mpira. Nimemsikia akilia hivyo mara moja tu, siku tuliyomzika mama yake.

"Baba," akasema. "Baba, tumeshuka."

Tumeshuka, alisema hivyo.

"Pole," nikamwambia. "Pole, mwanangu." Mkongomani alikuwa ameangalia pembeni, anapanga kadi za simu ambazo zilikuwa zimekwisha pangwa.

Siku iliyofuata, Jumapili yetu ya kawaida, sauti yake ilikuwa imetulia. Nilingoja aseme juu ya Birmingham. Nilikuwa nimekwisha uliza bei ya nyumba za kupanga Erdington, sikumwambia.

"Wamemwita," akasema. "Wamepunguza watu wengi, kocha kaondoka. Yeye wamemwomba abaki. Mshahara umepungua."

"Kakubali?"

"Kakubali. Anasema mtu haondoki wakati wako chini. Akiondoka sasa ataonekana alikuwa anahesabu tu."

Ningeweza kusema mengi. Lakini kiwanda kilipofungwa, nilipokaa chini ya tao la reli na jeki moja, ndugu zangu wote walinipigia kutoka nyumbani wakaniambia rudi. Sikurudi. Sasa nimwambie nini mtoto wa mwenzangu?

Walikuja kabla ya mwaka kuisha, binti, kijana, na baba yake, mzee mwembamba aliyekuwa seremala, mikono yake kama yangu. Walikaa kwenye zulia lile sebuleni, tukala biriani. Mzee wa Kijapani aliketi kwa magoti muda wote, na Mpemba naye, ambaye magoti yake yanamsumbua, hakukubali kushindwa, akakaa vilevile mpaka jasho likamtoka. Kijana akasema alichokuja kusema. Alikuwa amejifunza kwa Kiswahili, akakosea mahali pawili, akarudia mwanzo.

Kwetu posa haijibiwi siku ileile. Hata kama moyo umeshakubali, upande wa mwanamke unasema tumesikia, tutawajibu. Mpemba alilitamka hilo kwa sauti yake ya msemaji, kisha akanigeukia, akanong'ona:

"Hawa wana tiketi za ndege, bwana. Wape jibu leo, wamalize mambo yao."

"Desturi ni desturi," nikamwambia.

"Tangu lini wewe ukafuata desturi?"

"Tangu leo."

Basi wageni wanaume wakalala kwa Mpemba, Ladywood, na binti akalala chumbani kwake. Waliulizia jibu, nikasema bado tunashauriana. Nilikuwa nashauriana na nani? Asubuhi nilimsikia akishuka ngazi. Alipika chapati, akaziunguza kidogo upande mmoja kama mama yake. Tulikula kwenye sufuria ya watu wawili na hakikubaki kitu. Ndege wa bustani walikuja wakaondoka. Mpemba alinipigia kunambia yule seremala amekwisha mtengenezea milango yote ya makabati, na kama simpi jibu ataanza na ya majirani. Nikasema bado. Kila jioni binti alinitazama, akijua, na hakunisukuma hata mara moja.

Nilitoa jibu siku ambayo kuchelewa zaidi kungekuwa kuwakosesha ndege. Nilisema ndiyo. Nikaha ilifungwa kesho yake sebuleni, wakaondoka wote, na usiku wake nyumba ikarudi kama ilivyokuwa, mbwa kushoto, ngoma kulia. Nilipika wali. Nilikosea tena kipimo.

Dua yangu sijamwambia. Wala sijutii, ningeiomba tena. Mkongomani anasema hatukupata jibu mimi wala yeye, nami namwambia mimi nilipata, timu si ilishuka?

Mwezi wa tatu ulipofika, nilikwenda dukani kwake Jumamosi asubuhi. Sikumwambia ninachotaka. Alifungua ukurasa wa daraja la pili, akanivutia kiti. Niliweka kidole chini kama nilivyozoea, nikapanda, nikapanda, nikapita katikati, na kibanda na ngazi sikuviona.

"Juu, papa," akasema. "Angalia juu."

Nikahamisha kidole.